Dar hadi Mbeya kwa gari dogo mkiwa na watoto: maandalizi kuanzia gereji hadi kurudi

Kutoka Dar es Salaam hadi Mbeya ni takriban kilomita 830. Mtu mzima akiwa peke yake anaweza kuzimaliza kwa siku moja. Mwenye watoto wa chini ya miaka sita asijaribu. Kipande cha mwisho, kuanzia Makambako kupita Igawa na Chimala hadi Uyole, kitamkuta jioni: dereva amechoka, malori ni mengi, bodaboda nyingine hazina taa, na watoto wameshakaa kwenye viti zaidi ya saa kumi na mbili. Gawa safari siku mbili, mlale Iringa. Mengine yote yaliyoandikwa hapa, kuanzia chakula hadi mpangilio wa mabegi, yanategemea uamuzi huo mmoja.

Wiki mbili kabla: gari

Gari lisitoke gereji jioni na kuingia safarini alfajiri. Fanya sevisi wiki mbili kabla, kisha litumie kwenye mizunguko ya kawaida. Hitilafu nyingi za baada ya matengenezo (bomba la rejeta lililofungwa vibaya, nati za gurudumu zilizolegea, oili inayovuja kwenye filta) hujitokeza ndani ya siku chache za kwanza. Afadhali zijitokeze Kimara, karibu na nyumbani, kuliko Ruaha Mbuyuni, katikati ya safari.

Mwambie fundi aangalie mambo manne kwa makini zaidi. La kwanza ni mfumo wa kupooza injini, kwa sababu mtapanda mlima wa Kitonga, kabla ya Iringa, mkiwa na mzigo, AC ikiwa imewashwa na jua likiwa limeiva. Kama rejeta imekuwa ikiongezwa maji ya bomba, isafishwe na kuwekwa kulanti (maji maalumu ya kupooza injini). Aangalie mfuniko wa rejeta, mabomba ya mpira yaliyovimba au kupasuka, na feni kama inawaka yenyewe injini ikipata moto. La pili ni breki: pedi ziwe na unene wa kutosha kwenda na kurudi, na mafuta ya breki kama yamekuwa meusi yabadilishwe, maana mafuta ya zamani yana maji ndani yake na huchemka kwenye mteremko mrefu. La tatu ni boljoint na tairodi, yaani viungo vya magurudumu ya mbele na usukani. La nne, belti ya nje.

Matairi yaangalie mwenyewe. Ubavuni mwa kila tairi kuna tarakimu nne zinazotaja wiki na mwaka wa kutengenezwa: 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi la mtumba linaweza kuwa na kashata nzuri huku mpira umeshakauka. Likiwa na nyufa ndogondogo ubavuni, libadilishe hata kama fundi anasema bado linasukuma. Kiwango cha upepo kimeandikwa kwenye stika iliyopo mlango wa dereva. Magari mengi yaliyotoka Japani yanaandika kwa kPa, wakati mashine ya upepo mtaani inasoma PSI. Gawanya kwa 6.9: 220 kPa ni PSI 32, na 240 ni kama 35. Pima asubuhi kabla gari halijatembea. Ukipima matairi yakiwa ya moto utasoma namba kubwa, utapunguza upepo, na utaishia na matairi laini.

Tairi la akiba ndilo linalosahaulika. Kama ni lile jembamba la dharura, linatakiwa PSI 60, si 32, na halipaswi kuzidi mwendo wa kilomita 80 kwa saa. Lishushe, lijaze, kisha jaribu jeki na spana ya gurudumu ukiwa nyumbani. Spana isiyoingia kwenye nati zako ni chuma tu cha kuongeza uzito.

Kwenye buti viwemo pembetatu mbili za kuakisi mwanga, mtungi wa kuzimia moto ambao haujapitwa na muda, kamba ya kuvutia, tochi, na lita tano za maji ya gari. Karatasi: leseni, kadi ya gari, bima iliyo hai. Angalia pia kama gari linadaiwa faini za barabarani, ulipe kabla ya kuondoka, maana trafiki wakikusimamisha watoto wamelala na AC imezimwa, dakika kumi za mazungumzo ni ndefu sana.

Viti vya watoto

Mtoto aliyepakatwa mbele na mama hana kinga. Gari likifunga breki ghafla kwenye mwendo wa barabara kuu, mikono ya mtu mzima haiwezi kumzuia, na kama mama hajafunga mkanda, uzito wake wote unamfuata mtoto.

Mtoto mchanga hadi angalau miezi 15, na ikiwezekana hadi miaka miwili au zaidi, akae kwenye kiti kinachotazama nyuma. Shingo yake bado laini na kichwa ni kizito. Akitazama nyuma, nguvu ya mgongano inapokelewa na mgongo wote badala ya shingo peke yake. Kiti hicho hakiwekwi mbele kwenye gari lenye eabegi (mfuko wa hewa) inayofanya kazi upande wa abiria. Mkubwa kidogo atumie kiti kinachotazama mbele chenye mikanda yake mwenyewe, na akishakizidi apandishwe kwenye kiti cha kumuinua ili mkanda wa gari upite begani na juu ya mapaja, si shingoni na tumboni.

Viti vingi vinavyouzwa Dar ni vya mtumba. Kabla ya kulipa, geuza uangalie lebo ya rangi ya chungwa yenye E ndani ya duara, kagua plastiki kama ina ufa, vuta mikanda yote, funga na kufungua kufuli mara kadhaa. Kiti kilichowahi kuwa kwenye ajali hakifai tena hata kama hakionyeshi alama, na kwa kuwa muuzaji hawezi kukuthibitishia historia yake, ukiona plastiki imebadilika rangi kwenye mikunjo, kiache. Nenda dukani na gari lenyewe. Kwenye gari dogo kama IST, viti viwili vya watoto vikishafungwa nyuma, nafasi ya kati inabaki ya mtu mwembamba sana.

Kukifunga: mkanda wa gari upite kwenye njia za buluu kama kiti kinatazama nyuma, nyekundu kama kinatazama mbele. Kandamiza kiti kwa goti, vuta mkanda hadi mwisho, kisha kishike pale mkanda unapopita na ukitikise. Kikicheza zaidi ya sentimita mbili na nusu, bado. Mikanda ya mtoto nayo ikazwe hadi usiweze kuibana kwa vidole begani. Hapa ndipo sweta linapoleta tatizo: asubuhi ya Iringa ni baridi, mzazi anamvalisha mtoto jaketi nene na kumfunga juu yake. Kwenye mgongano jaketi linabonyea, mkanda unabaki mlegevu, mtoto anachomoka. Mvue jaketi, mfunge, kisha mfunike khanga au blanketi.

Milango ya nyuma ina kiloki kidogo cha watoto pembeni, kinachoonekana mlango ukiwa wazi. Kiweke, halafu jifungie ndani ujaribu.

Na idadi ya watu iwe sawa na idadi ya mikanda. Kama kuna bibi, dada wa kazi na binamu wawili, wengine wapande basi. Ndugu atanuna siku mbili, basi.

Ratiba

Ukijumlisha vituo, vibao vya kilomita 50 na matuta, kadiria mwendo wa wastani wa kilomita 50 kwa saa siku ya kwanza. Ondokeni saa 11 alfajiri. Watoto wabebwe usingizini, wakiwa wameshavaa nguo za safari tangu usiku na wamebadilishwa pampasi, wafungwe kwenye viti bila kuwashiwa taa kubwa. Mkipita Kibaha kabla foleni haijakaza, mtafika Chalinze bado wamelala.

Morogoro ni kilomita 190 hivi, mtakuwa pale saa 2 asubuhi. Simameni dakika 45 kamili: chai, choo, na mahali pa kukimbia. Mtoto aliyekaa saa tatu asipokimbia hapa, atadai kukimbia ndani ya gari.

Kabla ya kuingia Hifadhi ya Mikumi, kila mtu aende haja hata anayesema hana. Barabara inakatisha ndani ya hifadhi kwa kilomita 50 hivi, hairuhusiwi kushuka ovyo, na mtoto wa miaka mitatu akisema amebanwa mbele ya tembo hakuna msaada. Fuata vibao vya mwendo. Kuna matuta, kuna askari, na kuna mabango yanayotaja faini ya kila mnyama atakayegongwa. Nyani wakikaribia, madirisha yafungwe na ndizi zifichwe. Kwa watoto hiki ndicho kipande bora cha safari, kwa hiyo wawe macho: twiga na swala huonekana kutoka barabarani bila kulipia chochote.

Mji wa Mikumi upo baada ya hifadhi, mtafika karibu saa 5. Wengi hupita moja kwa moja na kwenda kula Ruaha Mbuyuni. Kwa familia yenye watoto huo ni mpango mbaya. Ruaha Mbuyuni ni bondeni na kuna joto kali. Mkitoka pale mnaingia kona za Kitonga, na mtoto aliyeshiba wali na soda dakika ishirini zilizopita atautapika wote kati ya lori la kwanza na la tatu. Kuleni mlo mzito Mikumi. Ruaha Mbuyuni simameni kwa choo, maji na vitu vikavu tu.

Kitonga yenyewe haitaki haraka. Barabara ni nyembamba, ukuta wa mlima upande mmoja na bonde upande mwingine, na mara nyingi kuna lori lililoharibika kwenye kona. Acha nafasi ya kutosha nyuma ya lori, maana likishindwa kupanda linaweza kurudi nyuma. Usilipite kwenye kona hata utingo akikupungia mkono. Macho yawe kwenye mshale wa joto la injini: mshale ukianza kupanda, zima AC, fungua madirisha. Ukikaribia nyekundu, tafuta pa kusimama pana, acha injini ipoe angalau nusu saa, na usifungue rejeta ya moto kwa hali yoyote. Maji yale yanaruka kwa nguvu, na watoto hupenda kusogea kuona baba anafanya nini.

Mkishapanda, hewa inabadilika, mnapita Ilula, na saa 9 alasiri mko Ipogolo, chini ya mlima wa Iringa mjini. Nyumba ya kulala ipangwe kabla, hasa Desemba. Uliza mambo matatu kwa simu: maji ya moto yapo saa ngapi, gari linalala ndani ya geti, na chumba kina chandarua. Siku ya pili ni kilomita 330 hivi kupitia Mafinga na Makambako. Ondokeni saa 3 asubuhi baada ya chai ya kutulia, vituo viwili vinatosha, na mwanga wa kufikia Mbeya upo tele. Juni na Julai baridi ya Mafinga na Makambako ni ya kweli. Soksi, kofia na blanketi viwe juu ya mabegi, si chini.

Kichanga cha chini ya miezi sita kinabadilisha ratiba hii yote. Kitolewe kwenye kiti kila baada ya saa mbili, kinyooshwe, kinyonyeshwe. Kumnyonyesha kufanyike gari likiwa limesimama. Mama anayejifungua mkanda na kuinama kwenye kiti cha mtoto gari likiwa kwenye mwendo anahatarisha wawili.

Chakula na maji

Joto la ndani ya gari huharibu chakula haraka kuliko jikoni. Chakula kilichopikwa hakifai kukaa zaidi ya saa mbili bila ubaridi, na joto likizidi nyuzi 32 ni saa moja tu. Kwa hiyo pilau ya jana kwenye hotipoti hailiwi Mikumi saa 5. Ikishapoa kidogo ndani ya hotipoti inakuwa kwenye uvuguvugu ambao vijidudu vinaupenda. Mayai ya kuchemsha na viazi vitamu viliwe kwenye kituo cha kwanza, Morogoro. Vinavyovumilia siku nzima ni chapati kavu isiyo na mafuta mengi, mkate, maandazi yasiyo na nazi, ndizi mbivu, machungwa na biskuti zisizo na krimu.

Karanga, bisi na pipi ngumu zisipewe mtoto wa chini ya miaka mitano ndani ya gari. Akipaliwa, dereva hawezi kusimama papo hapo na aliye karibu hawezi kumgeuza haraka. Zabibu zikatwe kwa urefu.

Hotelini agiza kinachotoka jikoni kikifuka moshi: wali na maharage, kuku wa mchuzi, ugali. Kachumbari na juisi ya jagi waachie wakubwa.

Maji beba lita moja na nusu kwa kila mtoto kwa siku, na wanywe kidogokidogo. Wazazi wengine huwanyima ili wasikojoe. Matokeo yake ni mtoto anayelia, anaumwa kichwa na hapati choo siku tatu akifika kwa bibi. Bebeni poti, au kopo lenye mdomo mpana, na simameni.

Kutapika

Kichefuchefu cha safari huwapata zaidi watoto wa miaka 2 hadi 12. Chanzo chake ni sikio la ndani kuhisi mwendo wakati macho yanaona kitu kilichotulia: simu, kitabu, mgongo wa kiti cha mbele. Ndiyo maana kumpa tableti ili atulie ndiko kunakomtapisha. Mkalishe anapoweza kuona barabara mbele, fungua dirisha kidogo, ondoa manukato yale yanayoning'inia kwenye kioo, na mpe kitu kikavu badala ya kumuacha na njaa. Zitumieni hadithi, nyimbo, kuhesabu malori ya mafuta na mibuyu. Simu iwe ya kusikiliza tu.

Chombo cha kutapikia kiandaliwe. Mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku Tanzania tangu Juni 2019, na ile mbadala ya kitambaa inavuja. Chukua makopo mawili ya aiskrimu ya lita mbili yenye mifuniko, tandika gazeti ndani, yakae miguuni mwa mtu mzima aliye nyuma. Weka na taulo dogo bichi, chupa ya maji ya kusukutua, na seti moja ya nguo kwa kila mtoto na fulana moja ya mtu mzima. Fulana hiyo ndiyo husahaulika, na mtu mzima huyo ndiye hutapikiwa.

Promethazini, dawa ya kuzuia kutapika, haipewi mtoto wa chini ya miaka miwili, kwa kuwa inaweza kukandamiza upumuaji. Mkubwa zaidi ya hapo, kipimo kitoke kwa daktari au mfamasia anayejua uzito wake. Na Piriton, dawa ya mzio, si dawa ya kulaza watoto safarini, hata kama jirani anaisifu.

Mfuko wa dawa

Parasetamoli ya maji, kipimajoto, ORS (chumvi ya kuchanganya na maji kwa anayeharisha), vidonge vya zinki, plasta, bandeji, dawa ya kusafishia kidonda, na dawa yoyote anayotumia mtoto kila siku ikiwa na ziada ya siku tatu. Parasetamoli hupimwa kwa uzito: miligramu 15 kwa kila kilo, si zaidi ya mara nne ndani ya saa 24. Mtoto wa kilo 12 anahitaji miligramu 180. Kwa chupa iliyoandikwa 120 mg kwa 5 ml, hiyo ni 7.5 ml. Pima kwa bomba la sindano lisilo na sindano, maana vijiko vya nyumbani havilingani. ORS soma pakiti: nyingine ni ya lita moja, nyingine ya nusu lita, na ukikosea maji inakuwa na chumvi nyingi.

Homa baada ya kutoka Dar au Morogoro isichukuliwe kuwa uchovu wa safari. Apimwe malaria kwenye kituo cha afya kilicho karibu. Morogoro, Mikumi, Iringa, Mafinga, Makambako na Mbeya zote zina hospitali. Kadi za bima na za kliniki zikae pamoja na leseni ya dereva. Namba ya dharura ni 112.

Kupanga mabegi

Begi la mkononi (pampasi, taulo za maji, dawa, nguo za akiba, vitafunwa) likae ndani, mguuni mwa abiria wa mbele. Pampasi hesabu moja kwa kila saa tatu, ongeza nne. Begi la pili, dogo, ni la usiku wa Iringa peke yake: nguo za kulalia, miswaki, chaja, nguo za kesho. Liingie mwisho kwenye buti ili litoke kwanza. Mengine yote hayafunguliwi hadi Mbeya.

Juu ya kibao cha nyuma, nyuma ya vichwa vya watoto, pasikae kitu. Dumu la maji au kompyuta pakato likiwa hapo hurukia mbele breki zikifungwa. Na mkisimama, hata kwa kununua vocha, msiwaache watoto ndani ya gari lililofungwa. Juani joto hupanda kwa dakika chache hata kioo kikiwa na upenyo.

Kurudi

Safari ya kurudi ni nzito kuliko ya kwenda. Mchele wa Kyela, viazi, maparachichi, nyanya za Ilula, na kuku wa bibi vyote vinataka nafasi. Amueni mapema ni kilo ngapi, kwa sababu gunia moja la mchele wa kilo 100 ni sawa na kumpakia mtu mzima mmoja na mtoto wa miaka mitano, na bado hamjaweka viazi. Mzigo mzito ukae chini kabisa, umegusa mgongo wa kiti cha nyuma, ufungwe kwa kamba, na usivuke urefu wa kiti hicho. Jaza matairi kwa kiwango cha mzigo kamili kama stika inakitaja. Mkikuta Kitonga, sasa mnashuka: ingiza gia ndogo kabla ya mteremko kuanza (kwenye otomatiki ni 2, L, S au B), acha injini ishike gari, na breki zikanyagwe kwa vipindi. Ukisikia harufu ya kitu kinachoungua au kanyagio limekuwa laini, simama kwenye nafasi ya kwanza salama, weka tairi dhidi ya jiwe, na subiri breki zipoe zenyewe bila kuzimwagia maji.